Vipindi Thelathini vya Mama Ikawaje

Tarehe 30 mwezi uliopita, saa tisa na nusu alasiri, shule yetu ilipoteza vipindi thelathini vya Kiingereza kwa wiki. Siku hiyo alistaafu mwalimu aliyefundisha hapa miaka 31, ambaye wanafunzi, wazazi na hata mlinzi wa getini wanamwita Mama Ikawaje.

Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Katika kufundisha sentensi za Kiingereza za kusudi na za matokeo, hakutaka mifano ya kitabuni. Kila Jumatatu mwanafunzi aliandika kwenye kadi jambo atakalofanya, na analifanya ili iwe nini. Ijumaa aliigeuza kadi, akaandika kilichotokea kweli. Aliyejaribu kupamba alikutana na miwani iliyoshushwa hadi ncha ya pua: "Nimesikia ulichotaka, mwanangu. Ikawaje?"

Mmoja aliandika kwamba ataruka ukuta ili mlinzi asijue amechelewa. Ijumaa akakiri: ukuta ulikuwa na rangi mbichi, hivyo mlinzi alimtambua kwa suruali. Alipata kumi juu ya kumi, kisha akakabidhiwa brashi.

Darasa jingine liliandika barua kuomba vioo vya madirisha ili mvua isilowanishe madaftari. Vioo vikaja, vikawekwa chumba cha jirani, stoo ya viti vibovu. Wanafunzi walinuna. Mama akawaambia waandike matokeo kama yalivyo, wasipunguze wala kuongeza chumvi. Walipomaliza, wakabeba madawati wakahamia stoo. Darasa hilo liko huko mpaka leo.

Hata wafagiaji walikaribishwa benchi la nyuma, fagio zikiegemezwa mlangoni. Mmoja wao ndiye mpanga ratiba wa sasa, na ndiye anayeandika haya, kwa hiyo hesabu zake si za kusikia. Katika miaka 31 Mama alikosa siku 19, na 12 kati ya hizo mguu ulikuwa kwenye plasta.

Hesabu inayofuata si tamu. Wiki ina vipindi 40. Walimu wawili wa Kiingereza waliobaki wana 32 kila mmoja. Wagawie thelathini vya Mama, kila mmoja anafika 47. Mshika mbili moja humponyoka. Hawa, kila mmoja zitamponyoka saba. Ofisi ya elimu iliijua tarehe hii tangu Januari, na barua zetu tatu zilijibiwa kuwa jambo linashughulikiwa. Wanafunzi 214 wana wiki mbili wakitazama ubao mtupu, na mtihani wa mwisho umebakiza wiki kumi na moja.

Mama, asante kwa kutufundisha kujibu tunachoulizwa. Nenda ukapumzike na afya tele, miguu yote miwili mizima, na chai uinywe ingali moto, raha ambayo hapa hukuipata.

Na kwa ofisi ya elimu: maelezo tunayo ya kutosha. Tunataka jina la mwalimu na siku atakayoripoti, kwa maandishi, kabla ya saa sita mchana Ijumaa hii. Saa saba ratiba inachapwa. Nani aandikwe?