Mzee Chediel na Kijiko cha Papasi

Mzee Chediel Kingu anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na nne katika kituo chetu cha utafiti wa wadudu, karibu yote akichota vumbi kwenye sakafu za watu kwa kijiko cha chakula. Jamani, miaka thelathini na nne!

Alikuja hapa Singida kama dereva. Siku moja mtafiti aliugua, yeye akashika chekeche, na usukani hakuurudia tena. Wenzake walikimbilia mbu, maana mbu ndiye mwenye jina. Yeye akabaki na papasi, yule kupe wa rangi ya udongo anayejificha kwenye nyufa za sakafu, anayenyonya damu ya waliolala na kuwaachia homa. Ile ramani ya papasi iliyobandikwa ukutani kwetu, magoti yake ndiyo yaliyoichora.

Kijijini Sepuka hawajamsahau. Alipoinama kwenye tembe la Bibi Rahabu na kuanza kuchota, kijiji kizima kilijaa mlangoni: huyu katumwa kufukua rupia alizozika Mjerumani! Alipopiga kelele za furaha, watu walisukumana hadi mlango ukang'oka. Kumbe papasi saba. Bibi Rahabu alicheka mpaka akakaa chini, akamwambia kama angesema mapema angempa debe zima. Mlango Mzee aliupigilia mwenyewe.

Mimi ni mwosha vichupa tu wa maabara, lakini nami nina yangu. Mwaka juzi mwanangu Peniel, wa miezi minane, alishikwa na homa ya kwenda na kurudi. Alipimwa malaria mara tatu, hana. Nilishaanza kumwangalia kwa macho ya kuaga. Mzee Chediel hakuniuliza habari za mbu, aliniuliza tunalala wapi. Akaja nyumbani, akainua mkeka, akachekecha: papasi kumi na mmoja. Akatusindikiza hospitali, akang'ang'ania damu ichukuliwe homa ikiwa juu. Vijidudu vya homa ya papasi vikaonekana, dawa ikaanza siku hiyohiyo.

Sasa Peniel anakimbia, na anamwita Babu Papasi mbele za wakubwa. Shikamoo inafuata baadaye!

Kijiko ameniachia mimi, baada ya kunifundisha miezi sita. Jumatatu naanza kuchota vumbi huko Misigiri. Ameshanionya nikipata papasi nisipige kelele. Siahidi.

Asante, Mzee wetu. Tunakuombea siku nyingi, afya, na usingizi mtamu juu ya sakafu ya saruji isiyo na ufa.

Witness, Mama Peniel
Maabara