Gunvor Isaksson na Palt za Alhamisi

Ijumaa ya tarehe 30 Mei, Gunvor Isaksson anavua aproni baada ya miaka thelathini na mmoja katika jiko la nyumba ya wazee ya Lövnäs, nje kidogo ya Piteå. Amepika chini ya wakuu wa jiko watano. Wanne walimwamini. Wa tano ni mimi.

Aliajiriwa kuosha vyombo. Mpishi wa siku hizo alipoteleza kwenye barafu na kuteguka mguu, Gunvor alishika mwiko, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Hupika akiwa amenuna, huonja akiwa amenuna, na mchuzi ukimridhisha hupiga mluzi mara moja tu.

Nilipofika miaka sita iliyopita, palt zetu zilikuja na gari kutoka kiwandani, zimegandishwa ndani ya maboksi. Madonge ya viazi yenye nyama katikati. Sisi tulikuwa tunayachemsha tu. Mwezi wa pili niliona jambo lisilo la kawaida: maboksi kwenye friza hayakupungua. Mwizi huacha pengo, lakini hapa palikuwa na ziada. Na bado kila Alhamisi sahani za wazee arobaini zilirudi kama zimelambwa.

Basi walikuwa wanakula nini? Nilimwendea Hilding Vesterlund, mkata magogo mstaafu wa chumba namba saba, nikamuuliza jana alikula nini.

"Palt."

"Zilitoka wapi?"

"Kwenye sahani. Kwani wewe polisi?"

Meza nzima ikageuka kutazama dirishani, ambako hapakuwa na kitu ila theluji. Hapo nikajua kuwa kuna njama, na kwamba mimi peke yangu sikuwamo.

Nikaanza kumchunguza Gunvor. Kila Alhamisi asubuhi alifika akisukuma kiti chake cha kuteleza juu ya theluji, kimebeba ndoo mbili zilizofunikwa blanketi la sufu. Aliniambia ni nguo chafu. Nguo gani zinanukia kitunguu?

Jumatano iliyofuata, baada ya kazi, nilimfuata hadi kwake. Najua si jambo la kujivunia. Nilisimama nyuma ya ghala la kuni nikichungulia dirisha la jikoni lililojaa mvuke, mpaka likafunguliwa.

"Ingia, Anneli. Ukiganda hapo, lawama itakuwa yangu."

Mezani palikuwa na kilima cha viazi vibichi vilivyokwaruzwa na kukamuliwa maji, unga wa shayiri, na bakuli la nyama ya nguruwe ya chumvi iliyokatwa vipande vidogo. Hakujitetea. Alinipa donge la viazi na unga, akanionyesha namna ya kulitoboa kwa kidole gumba, kutia nyama na kuliziba. La kwanza langu lilipasuka sufuriani.

"Umeliachia mlango wazi," alisema.

Kisha akanieleza. Mke wa Hilding alipofariki, mzee huyo hakula kwa siku tisa. Palt ya kiwandani aliisukumia mbali. Gunvor akamtengenezea tatu nyumbani kwake, akazileta mfukoni, na Hilding akazila zote, halafu akalia, halafu akalala mpaka jioni. Harufu ikawafikia wa meza ya jirani. Wiki ya nne zilihitajika themanini.

"Chakula cha nyumbani hakiruhusiwi," nilisema. "Mmoja akiugua, wewe huna kazi, na sisi tunafungiwa jiko."

"Najua. Utaniripoti leo au kesho?"

"Kesho."

Niliripoti kweli, kwa manispaa. Gunvor hakunisemesha wiki mbili. Alhamisi mbili za palt za maboksi zilipita, Hilding akairudisha sahani yake bila kuigusa, na wenzangu wakawa wanaondoka mezani nilipoketi. Nilikuwa na haki, na haki hiyo ilikuwa chungu kweli.

Mkaguzi wa chakula wa manispaa alipokuja, alizunguka jiko letu, akafungua kabati, akapima joto la friza, akashangaa. Hakuna sheria iliyotuzuia kutengeneza palt humu humu, alisema. Ila tu hakuna mtu aliyewahi kuomba. Nikaomba siku hiyo hiyo. Jumatano iliyofuata tulikuwa wanne tunakwaruza viazi, na neno la kwanza la Gunvor kwangu lilikuwa, "Hivi vimeshakuwa vyeusi, kwaruza vingine." Hilding aliishi miaka minne zaidi, akila tatu kila Alhamisi na kusinzia kitini kabla ya kahawa.

Mwezi huu Gunvor ametuandikia kila kitu kwa mkono: viazi, shayiri, chumvi, muda wa kuchemsha. Tumejaribu mara tatu akiwa likizo. Zimesambaratika mara tatu. Nilipompigia simu, alisema, "Nimeandika yote." Kisha nikasikia mluzi.

Nashuku kuna mstari mmoja ameuacha makusudi. Nashuku pia kwamba anataka tuendelee kumpigia, na tutampigia. Asante, Gunvor, kwa miaka hii yote, na kwa dirisha ulilofungua. Pumzika vyema, ule ushibe, na uwe na afya ya kutosha kutugombeza kwa miaka mingi.

Anneli Stråhle, mkuu wa jiko