Praxeda Nyirahabimana na Mgonjwa Namba 61

Wasifu wa marehemu, unasomwa na mdogo wake, Eustache Twagirayezu

Marehemu Praxeda alizaliwa Bukavu tarehe 9 Februari 1972, wa kwanza kati yetu wanne. Familia ilihamia Kabeza, hapa Kigali, mwaka 1995. Alisomea utoaji wa dawa za usingizi, akahitimu 1999. Tarehe 18 Agosti 2001 alifunga ndoa na mwalimu Dominic Habumugisha. Shemeji husema hata siku ya posa dada alikuwa akimhesabia pumzi.

Mwaka 2017 alishiriki utafiti wa dawa zinazolegeza misuli wakati wa upasuaji. Dawa hizo huzuia hata kifua kufanya kazi, kwa hiyo mashine humpumulia mgonjwa. Watafiti walitaka kujua ni lini hasa nguvu hurudi. Mgonjwa alifungwa kipimo cha nguvu za misuli mkononi, na mpira wa kupitishia hewa haukupaswa kutolewa kooni kabla kipimo hicho hakijasomwa. Tarehe 6 Juni, kwa mgonjwa namba 61, Praxeda aliamini macho yake na uzoefu wa miaka kumi na minane. Aliutoa mapema. Mgonjwa alishindwa kupumua, ikabidi ampumulie kwa mfuko wa kusukumia hewa dakika kumi na moja, mpaka nguvu ziliporudi.

Mwenzake alimshauri aifute namba hiyo kwenye utafiti, maana mgonjwa alikuwa amepona na hajui kitu. Nyumbani nasi tulimwambia anyamaze, mimi nikiwa wa kwanza, na leo naona aibu. Dada alikuwa mbishi. Aliandika yote yaliyotokea, kisha akaenda Gisozi kwa mgonjwa huyo, seremala Ismaël Usumani, kumwomba msamaha.

Usumani aliweka randa chini. "Nilikuwa nasikia yote, dada," alisema. "Hata kidole ilikataa. Nyumbani walisema ni ndoto, nikaanza kuogopa kichwa yangu."

Praxeda alimwambia haikuwa ndoto. Kazini alisimamishwa miezi mitatu. Aliporudi, hakuna tena aliyetoa mpira pale hospitalini bila kusoma kipimo.

Januari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alifariki nyumbani Kabeza Ijumaa, tarehe 3 Oktoba, akiwa na miaka 53. Tumeumia sana.

Ameacha mume, watoto wawili, Cynthia na Keith, wadogo watatu, na Ismaël Usumani, aliyeomba jina lake lisomwe hapa. Tulimuuliza tumwandike kama nani.

"Andika ndugu," alisema. "Ni yeye peke yake aliniamini."

Mungu ampe dada yetu pumziko la amani.