Pua ya Mandaglio

Sikilizeni wanangu, na wewe Assunta, binti wa marehemu mdogo wangu, usiende jikoni, kaa hapa unishike mkono, wanaotaka kahawa watajipikia. Padri atasubiri. Pumzi niliyobaki nayo ni kidogo, na maneno haya sitayasema mara mbili.

Cosimo, nyumba hii ya Reggio ni yako. Immacolata, vito vya mama yako chukua wewe, na usigombane na wifi yako. Lakini shamba la asumini, magofu ya kiwanda na jina la Mandaglio, mnalotaka kulifufua muuze tena manukato, hayo si yangu kuwapa.

Mnajua nilikuwa pua ya nyumba ile ya manukato, mnusaji na mchanganyaji wake. Baba alinifunga kitambaa machoni, akaninusisha sponji ishirini zilizokamuliwa juu yake maganda ya bergamoti, yale machungwa yetu ya manukato, nami nikamtaja mkamuaji wa kila moja. Kichwa kikanivimba, nikaiamini pua yangu kuliko ndugu yangu.

Mwaka wa hamsini na nne nilikuwa natengeneza Malvina, manukato ambayo hakuna aliyeyajua ila mimi na baba. Adhuhuri ya sikukuu ya Mtakatifu Saverio nikaletewa chupa ya kampuni moja ya Napoli. Nikafungua, nikakuta ni Malvina yangu. Nikapita kiwandani nikimnusa kila mtu, hadi nikamfikia Saverio, mdogo wangu, baba yako Assunta, aliyebaki peke yake wenzake walipotoka kwenda kula. Koti lake lilinuka Malvina mabegani na mgongoni.

Nikasadiki ndiye aliyeniibia na kuiuza Napoli, sikumuuliza. Nilichukua nondo ya mashine ya kukamulia nikampiga nayo usoni. "Kaka, umelewa mchana kweupe hivi?" akasema, akidhani ni mzaha. Nikampiga tena, meno yakamwagika sakafuni. Akanishika miguu. "Kwani nimefanya nini? Niambie basi, kaka." Nilimpiga mpaka akanyamaza, na aliponyamaza nikaendelea. Hakuna aliyeona. Nikapindua pipa la spiriti, nikawasha kiberiti. Mlifundishwa kwamba moto ule ulitokana na taa. Si kweli. Mimi ndiye niliyekichoma kiwanda cha Mandaglio, nifiche maiti.

Siku ya mazishi baba alilia mbele ya jeneza. "Mchanganyo nilimpa mimi yule wa Napoli," akaniambia, "tulikuwa tunaungana naye kibiashara. Nilitaka kuwaambia nyote wawili kwenye chakula cha sikukuu." Ndipo nikakumbuka asubuhi ile. Nilitoka kuchanganya, sikunawa, nikamkumbatia Saverio kumpa heri ya sikukuu ya jina lake, nikampigapiga mgongoni. Ile harufu ilikuwa ya mikono yangu.

Assunta, ulikuwa na miezi minne. Nikakulea, ukaniita baba mkubwa, nikakushika mkono hadi altareni siku ya harusi yako, kwa mkono huohuo uliompiga baba yako. Niliogopa kukuambia, nilikuwa mwoga, basi.

Shamba na jina ni vyako. Ukitaka panda, ukitaka choma, na hawa wawili wasikuingilie. Cosimo, umesikia? Chupa ya mwisho ya Malvina imo kabatini. Ivunjeni. Msinipake mkiniosha, nizikeni na harufu yangu ya uzee.

Mungu awabariki, wanangu... awape mikono myepesi kusamehe, mizito kupiga... Nani ameuachia mkono wangu? Ni haki yake, msimrudishe. Fungueni dirisha... Cosimo, niambie wewe. Assunta bado yumo chumbani? Nanusa, nanusa... simpati.