Zoezi Limesimama: Maisha ya Mama Viti

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, namfuata ziwa. Nimeambiwa nisome polepole na nisigombane na mtu. Nitajaribu.

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Viti, alizaliwa tarehe 9 Mei 1963, kifungua mimba wa marehemu baba yetu, fundi cherehani, na mama yetu huyu aliyekaa mbele yenu. Tangu utotoni, wageni wakija yeye ndiye aliyepanga viti, na ole wako ukisogeza cha kwako.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1976 na sekondari mwaka 1982. Mwaka 1988 alihitimu shahada ya ustawi wa jamii, kisha mwaka 1997 shahada ya uzamili ya ushauri nasaha. Majirani walimuuliza baba huyu binti anasomea nini miaka yote hiyo. Baba akajibu, "Anasomea kusikiliza." Wakacheka. Baba hakucheka.

Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1991. Siku hiyo hiyo, shela kichwani, aliinuka akahamisha kiti cha mama mkwe wake kwa sababu kiliupa mlango mgongo. Shemeji anasema hapo ndipo alipojua ameoa nani. Walijaliwa watoto watatu.

Alianzia kazi hospitalini, akiwapokea walionusurika moto, ajali na vipigo vya majumbani. Huko aliona kwamba wauguzi, walimu na polisi waliowahudumia watu hao walikuwa na nia njema, ila maswali yao yaliwatonesha vidonda. Ndipo Januari 2005 akaanzisha chuoni stashahada ya uzamili kwa wataalamu wanaowasaidia watu wenye kiwewe. Viti vya darasa lile nilivitengeneza mimi, maana ni seremala. Alinirudishia viwili. "Hivi vinalia mtu akijitikisa," alisema. "Mtu mwenye hofu asisalitiwe na kiti." Nilinuna wiki nzima, nikavikaza upya.

Mazoezi yake yalikuwa hivi: mwanafunzi mmoja alikaa kiti cha mteja akaigiza kisa cha kubuni, mwenzake akamsikiliza. Kuleta kisa chako mwenyewe ilikuwa marufuku. Zoezi likiisha au likiharibika, dada aliinua kiganja: "Zoezi limesimama." Aliyeigiza alihamia kiti kingine, akataja jina lake halisi na siku ya leo, ili arudi kwao, kama dada alivyopenda kusema.

Julai 2011 muuguzi mmoja alipewa kisa cha mtu aliyeunguliwa na nyumba. Akaanza vizuri. Katikati akakiacha kile kisa bila mtu kujua, akaingia kwenye cha kwake, cha mume na mlango uliofungwa kwa nje. Akatetemeka, sauti ikakatika. Darasa likapiga makofi! Wataalamu watupu, wakinong'onezana, "Huyu dada anaigiza, acha kabisa." Dada peke yake aliona vidole vilivyokakamaa chini ya kiti. Akainua kiganja.

Kamati ya chuo ikaitwa. Mkuu wa idara alitaka muuguzi afukuzwe, akasema chungu chenye ufa hakichotewi maji. Mkataba wa dada ulikuwa mezani ukingoja kusainiwa upya, na shemeji alimsihi, "Mama, watoto wanasoma, utamwaga unga." Akaenda hivyo hivyo. Aliwaambia, "Aliyefeli si yeye. Limefeli darasa lililopiga makofi, na mwalimu wake ni mimi. Akitoka, natoka." Walimweka roho juu mwezi mzima. Mwishowe muuguzi alirudia mwaka, akapatiwa mshauri wake mwenyewe, na mwaka 2013 akahitimu. Mkataba nao ukasainiwa.

Oktoba 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya ini. Akatukataza kumwambia mama. Mama aliambiwa ni vidonda vya tumbo. Kila aliyeingia wodini alipokewa kwa mzaha. "Naendelea vizuri, ninyi ndio mmekonda." Tukacheka, tukatoka tukisema dada ana moyo wa chuma.

Alhamisi, tarehe 7 Machi, yule muuguzi alikuja kumwona. Dada akaanza mizaha yake. Muuguzi hakucheka. Alitazama mkono ulioshika chuma cha kitanda, vidole vimekakamaa, akainua kiganja. "Zoezi limesimama, Mwalimu."

Jamani, nilitaka kumtoa nje. Nilisema moyoni, huyu naye kaja kumcheza shere mgonjwa? Lakini dada alimgeukia. Muuguzi akamwambia taratibu, "Wewe ni nani, na leo ni lini?"

Dada akataja jina lake. Akasema leo ni Alhamisi. Kisha akasema, "Naogopa. Namwogopea mama. Sijui nitamwambiaje."

Akalia, nasi tukalia. Jumamosi nikamleta mama. Alivuta kiti, akakigeuza kitazame mlango, akamshika mkono. "Mwanangu, nilijua tangu Desemba," alisema. "Nilikuwa nakungoja wewe useme." Walizungumza mpaka manesi wakaja kutufukuza. Dada alifariki Jumapili, tarehe 17 Machi 2024, mkono ukiwa mkononi mwa mama, vidole vimelegea.

Marehemu ameacha mama, mume, watoto watatu, wajukuu wanne, wadogo zake wawili, na darasa ambalo tangu Januari linaongozwa na muuguzi yule.

Tangu asubuhi mnaniuliza kama niko sawa, nami nawajibu niko sawa. Basi: mimi ni mdogo wako, fundi wako wa viti. Leo ni Jumatano. Siko sawa, dada, inaniuma. Zoezi limesimama. Pumzika sasa kwa amani.