Mpangaji wa Darini kwa Wembe

Kijiwe cha kona kinatazamana na nyumba ya Wembe, karibu kiasi kwamba ukipiga chafya sebuleni kwake, kijiwe kinakupa pole. Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, na aliyekaa ncha moja akiinuka bila kuaga, wa ncha ya pili anakwenda chini. Siku hiyo Wembe, kinyozi kwa kazi, hakufungua saluni. Alikaa katikati ya benchi tangu mchana, kikombe cha kahawa kimempoa mkononi, macho yote kwenye paa lake mwenyewe. Mkewe alikuwa amehamia kwa dada yake pamoja na kichanga chao, tangu kitu cha darini kilipokojoa, mkojo ukapenya ubao ukadondokea kwenye neti ya mtoto. Sasa alikuwa ametuma ujumbe kwamba jioni anakuja kuangalia. Akikuta dari salama, analala kwake. Akikuta bado, anachukua nguo zilizobaki, na ya kurudi lini hakuisema. Ndani ya nyumba alikuwemo fundi wa kutoa wanyama majumbani, ambaye kijiwe kilikuwa kimembatiza jina la Daktari wa Dari. Jana aliacha mtego huko juu. Leo alipanda kuukagua, na tangu apande, kimya.

— Kimya hiki sikipendi, alisema Mzee Breki, dereva mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa sababu enzi zake breki hakuzigusa kabisa.

— Mzee, usinitie presha, alisema Wembe.

— Nani anakutia presha? Nasema tu. Mtu akipanda darini akanyamaza, ama amekipata alichokifuata, ama alichokifuata kimempata yeye.

Profesa akasogea karibu. Huyu ni fundi simu, na uprofesa wake wote uko kwenye miwani.

— Hebu tuanze mwanzo. Kikitembea usiku, kinatembeaje?

— Taratibu. Kinasimama. Kinakwaruza. Halafu kama kinaburuta kitu.

— Panya hao, alisema Breki.

— Panya gani wa kulowesha neti nzima, mzee?

— Panya aliyekunywa maji.

— Hapana, alisema Profesa. — Huyo chatu.

— Chatu ana miguu? Nimekwambia kinatembea!

— Basi ni mtu.

Wembe aligeuka mzima mzima.

— Mtu?

— Ndiyo, mtu. Kodi zimepanda, watu wanatafuta pa kujibanza. Wewe ukienda saluni, yeye anashuka. Anapika, anaoga, anapanda. Hebu niambie, sabuni kwako haiishi haraka?

Wembe akaiwaza sabuni. Maskini, ilikuwa inaisha haraka kweli! 

— Inaisha kwa nepi za mtoto, alisema, ila sauti haikuwa na nguvu.

— Endelea kujipa moyo.

— Jamani, mwacheni mwenzenu anywe kahawa yake, alisema muuza kahawa, akammiminia nyingine juu ya ile iliyopoa.

Mzee Breki akaangalia huku na huku, akashusha sauti.

— Nyie mnahangaika na mnyama. Mimi namwangalia huyo mtoa mnyama. Ule mfuko wake mmeuona?

— Una nini?

— Mkubwa vile wa nini? Mtu ana nyundo na mtego, mfuko kama wa kubebea godoro wa nini? Sasa nisikilizeni. Mnyama ni wake! Amemfuga. Anamwachia kwenye paa lako, wewe unapiga kelele, unamwita, anakuja anamtoa. Wiki ijayo mnyama yuko kwa jirani.

— Mzee, acha hizo, alisema Wembe.

— Kwa mwalimu alitoa nini? Mnyama. Kwa shangazi wa fundi cherehani? Mnyama. Kila nyumba anayoingia anatoka na mnyama! Hiyo ni bahati?

— Si ndiyo kazi yake, mzee wangu? aliuliza muuza kahawa.

— Ndivyo anavyotaka useme.

Profesa akavua miwani, jambo ambalo hulifanya akizidiwa hoja.

— Hili lina uzito, alisema.

Wembe alicheka, lakini cheko la mdomoni tu. Mtu aliyekesha siku kadhaa akiisikiliza dari, mke hayupo, kitanda cha mtoto kitupu, ukimwambia lolote linaingia. Na hili liliingia likakaa.

Mlango ukafunguka. Daktari wa Dari akatoka, utando wa buibui kichwani, glavu mpaka kwenye viwiko, amebeba kizimba kilichofunikwa gunia. Akakitua mbele ya benchi, akafunua. Ndani alikuwemo mnyama mwenye madoadoa, mkia wenye pete nyeusi, amejibana pembeni akifoka. Harufu yake ikapanda. Mzee Breki akainuka bila kuaga, na Profesa akaenda chini na kikombe chake.

— Fungo, alisema Daktari. — Ndiye huyo aliyekuwa anakutesa.

Wembe aliinuka. Furaha ilimjaa mpaka machozi yakamlenga, akajifanya anajikuna jicho.

— Asante sana, kaka. Asante. Sasa lizibe lile tundu la paani alikoingilia, mama mtoto yuko njiani.

— Tundu tusilizibe leo, bosi. Nipe siku mbili tatu. Nataka nije nisikilize kwanza.

— Usikilize nini tena?

— Dari. Ile kona ya nyuma sikuifikia, mbao zake zimeoza, hazinibebi. Sina kawaida ya kuziba kabla sijasikiliza.

Mzee Breki akakohoa. Profesa, aliyekuwa anajifuta kahawa, naye akakohoa.

— Siku mbili tatu, alisema Breki, akiangalia mawingu. — Za kumrudisha.

Wembe alisikia. Akauangalia mfuko wa Daktari. Akaiangalia barabara ambayo mkewe angetokea.  Aliogopa kuachwa, na aliogopa kuchekwa, na wakati ule asingeweza kusema ni kipi alikiogopa zaidi.

— Kaka, nakuheshimu. Lakini ziba.

— Bosi, mimi nakushauri tu...

— Ziba! Nyumba ni yangu.

Daktari akamtazama kidogo, akainua mabega, akaegemeza ngazi ukutani, chini ya tundu. Bati likapigwa juu ya tundu, msumari baada ya msumari, na Wembe mwenyewe ndiye aliyeishikilia ngazi, akihimiza: kaza, kaza na huku. Kijiwe kikashangilia kama vile kilichangia.

Daktari alikuwa anaifunga ngazi kwenye baiskeli yake mama mtoto alipofika, mtoto kifuani, mfuko wa nguo begani.

— Shikamooni.

— Marahaba, shemeji! Karibu nyumbani! Kazi imekwisha!

— Tumempata, shemeji, alisema Profesa. — Tulikuwa tunajua tangu mwanzo kwamba ni fungo.

Kila mmoja alitaka kumsimulia yeye. Wembe alimpokea mfuko wa nguo, akaukumbatia, maana mtu hupokewa mfuko akiwa anaingia, si akiwa anaondoka. Lakini mkewe hakuwa anawasikiliza. Alikuwa amechuchumaa mbele ya kizimba. Mnyama alikuwa amesimama, miguu ya mbele kwenye waya, tumbo wazi.

— Huyu ananyonyesha, alisema.

— Nini?

— Tazameni chuchu zake, zilivyojaa. Mpaka zinadondosha maziwa.

Akainua uso, akamtazama fundi, akawatazama wa benchi, akamalizia kwa mumewe.

— Watoto wake wako wapi?

 Profesa alifuta miwani, akaivaa, akaivua. Daktari wa Dari hakusema nilikwambia, ingawa angeweza. Alikuwa ameshaanza kuifungua ngazi.

Wembe alimnyang'anya nyundo, akapanda yeye. Misumari ilikuwa imekaza kama alivyoagiza mwenyewe. Akajigonga kidole, hakusimama. Aling'oa bati, aking'oa na ubao wa pembeni, akaingia mpaka kiunoni. Humo ndani joto lilikuwa kali, hewa nzito kwa ile harufu. Aliwasha tochi ya simu, akamulika nyuma ya kenchi ya paa, kwenye zile mbao zilizooza.

— Umewaona? mkewe aliuliza kutoka chini.

— Nimewaona.

Walikuwa watatu, kila mmoja wa kuenea kiganjani, wamelaliana. Macho yao yalikuwa hayajafunguka.

— Wako hai?

Kijiwe kizima kilikuwa kimekusanyika chini ya ngazi, na hakuna aliyethubutu kubahatisha. Wembe alisogeza tochi karibu, akazuia pumzi yake mwenyewe, akingoja kuona hata mmoja akipumua.