Jina Alilolitaja Zilpa Nasimiyu

Siku marehemu alipolitaja jina lake mwenyewe, waliokuwepo nyumbani hapa Malaba ni mumewe mzee Mathew Oundo, Achieng mke wa mwanawe, jirani mama Perez, na mjukuu wa marehemu, Trizah, mtoto wa Achieng, aliyekuwa na miaka saba.

Marehemu Zilpa Nasimiyu alizaliwa Butula tarehe 9 Aprili 1951, akasoma huko hadi darasa la nne, akaolewa na mzee Mathew tarehe 12 Desemba 1970, wakajaliwa watoto watano, na kwa miaka thelathini akawapikia chai na chapati madereva wa foleni ya mpakani, na dereva akiugua alimpelekea uji hadi kwenye lori.

Tarehe 4 Machi 2023 Trizah aligongwa na pikipiki, akaumia ubongo, akalala siku kumi na tisa bila fahamu, na aliporudi nyumbani hakumjua mama yake wala jina lake mwenyewe. Daktari alisema kumbukumbu huenda zikarudi polepole, basi mama Perez akawa analeta maziwa kila asubuhi, na kila asubuhi anajitambulisha upya, bila kuchoka.

Siku ile mtoto alilia mno, ndipo marehemu akamfanyia kama mtoto mchanga asiyenyamaza, akamtajia majina ya wafu wa ukoo moja baada ya jingine, kwani jina linalomnyamazisha mtoto ndilo hupewa, na kwa uchovu akamalizia na lake. Trizah akanyamaza, akaitika. "Aa, mama, hilo ni la mtu aliye hai!" alisema mama Perez, naye marehemu akacheka, akasema, "Basi nimeshahesabiwa pamoja na wafu, mwacheni alichukue."

Tangu hapo Trizah alisimulia kisima cha Butula kilichofukiwa kabla baba yake hajazaliwa, akamwita Achieng "mwanangu" kwa sauti ya bibi yake, na kadiri alivyokumbuka, marehemu alisahau, kwanza chumvi, kisha njia ya sokoni, kisha majina ya wanawe.

Alilazwa tarehe 2 Juni 2024, akafariki tarehe 11, saa mbili asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mzee Mathew.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mama Perez, madereva waliosogeza malori ili gari la wagonjwa lipite, na mwalimu Robinson, aliyemketisha Trizah karibu na meza yake na hakuruhusu achekwe.

Lala salama, mama Zilpa, jina lako limerudi kwako.

Asubuhi ya tarehe 12, Trizah aliamka, akaita kwa sauti yake mwenyewe, "Mama," na Achieng akaitika.